Simu ya Upepo ya Baba Mkubwa

Fundi simu wa pale sokoni akilehemu nyaya, ule moshi mchungu hunirudisha kwenye chumba cha baba mkubwa, kilichonuka waya moto na maharage mabichi. Alikuwa amejiundia simu ya upepo, na waya wake ulipita juu ya migomba yetu yote. Kila jioni alivaa koti, akaiita dunia kwa Kiingereza cha kuombea maji. Dunia haikuitika.

"Shikamoo, baba mkubwa. Naomba nijaribu."

"Marahaba. Sauti ya msichana haifiki hata Biharamulo," alisema bila kugeuka.

Siku moja alitoka kufukuza mbuzi. Nikabonyeza kitufe, nikauliza kwa Kiswahili, "Kuna mtu?"

"Nipo, mwanangu," mwanamke akajibu katikati ya mikwaruzo. "Huko mvua imenyesha?"

Kabla sijajibu, baba mkubwa alininyang'anya kipaza sauti, akajitambulisha kwa Kiingereza: jina lake kamili na uenyekiti wake wa kigango.

"Samahani, mzee," yule mama akasema, "nilikuwa naongea na mtoto."

Baba mkubwa alizima mtambo. Jumapili, nje ya kanisa, aliwatangazia watu kwamba ameongea na Ulaya, na watu wazima wakapanga foleni kumpa mkono.