Kwa Zuu, aliyetuchagulia seva tatu

Jamani, kichwa changu bado kinagoma. Zuhura wetu, Zuu wa studio, hatunaye. Alhamisi jioni katuaga anaenda kwao Tandika, usiku pumu ikambana, asubuhi tunapigiwa simu. Ijumaa hiyohiyo akazikwa.

Kwa msiomjua: Zuu alikuwa fundi wetu wa kompyuta hapa Temeke. Sie tunarekodi harusi, send-off na ubarikio wenu. Yeye ndo alikuwa anazitunza zisipotee.

Wanaume walipoondoka na jeneza, sie wanawake tukabaki kwenye mikeka. Mama yake akanishika mkono.

"Neema mwanangu, si kazi yenu kurekodi watu? Nitafutie sauti ya Zuhura. Picha hazinisaidii, macho yangu haya ukungu mtupu. Nataka nimsikie."

Nikamjibu sawa mama, nitaitafuta. Moyoni nikajiuliza naitoa wapi. Zuu huyu? Aliyekuwa akiona kamera anajificha nyuma ya pazia?

Hata voice note hakutumaga. Alikuwa anaona aibu kifua chake kinavyopiga filimbi. Anakwambia, "Niandikie, mie si redio."

Basi nikaanza kutafuta, na kila ninapogusa pale ofisini nakutana na yeye.

Zamani video zote zilikuwa kwenye diski moja. Siku moja ikafa na harusi ya dada mmoja wa Buguruni. Yule dada akaja, akakaa sakafuni, akalia kama mtoto. Zuu akakaa naye palepale chini mpaka akanyamaza. Kesho yake akamwambia bosi tunahitaji mfumo mwingine.

Bosi akaja na quotation ya seva moja kubwa ya kutunzia video zote, mpya, ya kujidai nayo. Zuu akaisoma, akamrudishia.

"Bosi, mie nataka tatu za kawaida, zinazofanana, zifanye kazi kama moja. Kila video ikae kwenye zaidi ya mashine moja. Hiyo yako ikifa, imekufa na harusi za watu wote."

Bosi akacheka. "Zuhura, wewe unawazaga kufa tu!"

"Vitu vinakufa, bosi. Tujipange."

Wee! Bosi alipokubali, Zuu alivyonitembeza Kariakoo, miguu niliisikia wiki ile yote. Duka la kwanza kaka anaapa seva ni mpya kabisa. Zuu akaomba bisibisi, akafungua mfuniko, akapitisha kidole kwenye feni, kikatoka cheusi tii. Akasema asante kaka, tukaondoka.

Diski nazo akakataa kuzinunua zote duka moja. Eti zikitoka boksi moja, zikiwa na ugonjwa zinaugua zote kwa pamoja. Nikamwambia Zuu unanitesa. Akaninunulia juisi ya miwa, tukaendelea kutembea.

Na lile kabati sasa! Tulimwagiza fundi wa Keko fremu ya mbao ya kupangia seva, iwe wazi mbele na nyuma. Tunaenda kuichukua, tunakuta kaweka milango ya vioo na maua kachonga kila kona.

"Sista, mashine za bei hiyo zikae uchi?"

Zuu alicheka mpaka akaanza kupapasa inhaler kwenye pochi. Akamwambia, "Kaka, hizi nazo zinahitaji hewa. Vioo toa, maua acha." Fundi alinuna, lakini akatoa.

Juzi nikarudi studio kuendelea kutafuta. Kumbe tulipokuwa msibani umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Nakuta seva moja giza, haiwaki hata taa. Nikapiga yowe, bosi akaja mbio.

Tukawasha kompyuta. Kila kitu kipo. Harusi zote, ubarikio wote, mbili zilizobaki zinafanya kazi kama hakuna kilichotokea. Bosi akakaa juu ya boksi la nyaya, akaziba uso.

"Alinibishia," anasema. "Alinibishia mtoto huyu."

Akalia. Mie sijawahi kumwona bosi analia.

Kwenye kupekua ndo nikaona folda imeandikwa "majaribio". Jamani. Nilishasahau kabisa! Siku ya kujaribu mfumo, Zuu alitaka video ya kucheza huku anachomoa waya wa seva moja, aone kama itakata. Akaogopa kutumia ya mteja. Akaniambia nimrekodi yeye haraka haraka, ataifuta baadaye. Hakuifuta.

Nikaibeba kwenye laptop mpaka Tandika. Mama alikuwa mkekani. Nikamwamkia, nikamsogezea spika karibu na sikio, nikabonyeza.

"Niseme nini sasa, Neema? Haya. Mie Zuhura, hapa kuna joto, na njaa inaniuma. Mama kapika pweza wa nazi leo, halafu nyie mnanichelewesha. Nikikuta mchuzi umepoa mtanitambua!"

Na filimbi ya kifua imo humohumo, katikati ya maneno.

Mama hakulia. Aliinamia spika, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa.

"We njoo tu, mwanangu. Nitakupashia."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Ndani nikamsikia anawaomba wenzake wamwekee tena.

Zuu, nimekukasirikia kwa kuondoka hivi. Nimekukasirikia na ninakupenda, na sijui nani atanibishia kazini. Mungu akupe pumzi isiyokubana. Lala dada yangu, lala salama kabisa.