Usajili wa Mapema na Siku Zangu za Eda

Karani wa usajili chuoni aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akairudisha chini ya kioo.

"Hii ni ya mumeo, mpenzi," akasema. Watu wa Texas humwita mpenzi hata mtu wasiyemjua. "Usajili wa mapema ni wa mwanajeshi. Mwambie aje mwenyewe na kitambulisho chake."

Nikamwambia mume wangu hawezi kuja.

"Basi baadaye, akipata nafasi."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilikipiga kile kioo kwa kiganja, wala si mara moja. "Mfuate wewe!" nikapiga ukelele. "Yuko makaburini, nje ya mji. Mfukue umuulize kitambulisho!" Nusu ilitoka kwa Kiingereza, nusu kwa Kiswahili. Foleni nzima ilirudi nyuma. Binti yangu, wa miaka minne, alinivuta buibui akaniambia kwa Kiingereza chake nisipige kelele, watu wanatuangalia.

Sioni haya kulisimulia hilo. Lipo jingine linaloniuma zaidi.

Mume wangu alikuwa mtu wa Mombasa kama mimi. Tulikaa Stafford, huko huko Texas, kakake akikaa milango miwili kutoka kwetu. Aliingia jeshini kwa sababu mbili na hakuzificha: uraia na masomo. Wakampeleka Iraki kuendesha malori. Akipiga simu alikuwa akicheka tu.

"Nchi hii mwanajeshi hupanda ndege mwanzo, na chuo cha serikali hujisajili mwanzo," aliniambia. "Nikirudi nitakaa dawati la mbele. Tangu shule ya msingi sijawahi kukaa mbele."

"Shule ulikaa nyuma ukilala."

"Basi sasa nitalala mbele."

Lori lake lilipinduka. Walikuja wanajeshi wawili mlangoni, wamenyooka, nguo zimepigwa pasi. Niliwakaribisha chai. Nilikuwa nimeshajua, kila mke wa mwanajeshi anajua wale wawili wanaleta nini, lakini mdomo wangu ulisema karibuni, kuna chai. Mmoja wao aliinamisha kichwa akakataa kwa adabu, na mimi nikaendelea kutafuta sukari.

Nikakaa eda. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume ni kizuka kwa miezi minne na siku kumi. Hatoki, hapaki wanja, hajifukizi udi. Khalati, dada yake mama, alitoka mji wa Garland akaja kukaa nami na mtoto. Kazini kwangu, nyumba ya kutunzia wazee, walinipa ruhusa.

Katika mwezi wa pili wa eda ikaja barua ya chuo. Nilikuwa nikisomea kuingia uuguzi, somo moja moja, na nilikuwa nimebakiza anatomia peke yake, somo la viungo vya mwili. Mtu anayefanya kazi mchana ana darasa moja tu la jioni, na siku usajili unapofunguliwa hujaa kabla hujavuta pumzi. Barua ilisema wajane wa waliofia jeshini nao wanaingia katika kundi la wanaojisajili mwanzo, asubuhi, kabla ya kila mtu kufunguliwa saa sita. Ila mjane aje mwenyewe dirishani na hati zake.

Khalati aliisoma mara mbili. "Nenda, mwanangu. Dharura inaruhusiwa. Unatoka mchana, unarudi. Mashekhe wamelisema hilo."

"Kujisajili chuo ni dharura?"

"Kama ndiyo riziki ya mtoto wako, ni dharura."

"Sitoki, Khalati."

Msinione mcha Mungu kupita wengine. Sanduku lilikuja limefungwa na hawakuniruhusu kumwona. Sikumwosha, sikumfunika, hata uso sikuuaga. Ile miezi minne na siku kumi ndiyo kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kumfanyia, na nilitaka aipate nzima, bila kuikatakata kwa ajili ya anatomia.

Nikamtuma shemeji yangu, yule kakake. Nikampa cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua ya mkono wangu. Alirudi akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Wamenikataa, shemeji. Wanakutaka wewe."

"Umewaambia niko eda?"

"Nimewaeleza mpaka koo limekauka. Nikasema kwa dini yetu siku hizi hatoki nyumbani. Yule mama wa dirishani akaniuliza kama polisi wamekufunga kile kidude cha mguuni cha kumchunga mfungwa asitoke nyumbani."

Khalati alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha. Mimi nilikuwa nikiiangalia barua yangu mkononi mwa shemeji. Bahasha ilikuwa bado imefungwa.

Darasa likajaa. Nikajiambia potelea mbali, muhula ujao. Lakini nilijua kuwa muhula ujao ndio wa mwisho. Asiyemaliza anatomia kufikia hapo haombi uuguzi mwaka ule, na mimi ningerudi kuwageuza wazee vitandani mwaka mwingine mzima. Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, nikajitia manukato kidogo, nikajiona kama mwizi. Siku ya usajili nilifika chuoni kabla mlango haujafunguliwa. Hiyo ndiyo siku ya kile kioo.

Baada ya kelele zangu alitoka mkubwa wao, mwanamume wa tai na sauti ya chini. Akanipa pole ya msiba, akampa mtoto peremende, akanikalisha. Akafungua kitabu cha kanuni.

"Mjane anapata nafasi hii katika muhula wa kwanza baada ya kifo," akasema. "Asipofika mwenyewe, inafungwa."

"Muhula wa kwanza nilikuwa ndani. Dini yangu inataka nikae ndani."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, tena kwa upole wa kweli, "Lakini hakuna aliyekuzuia kuja, mama."

Hakuna aliyenizuia. Khalati alikuwa amenifungulia mlango kabisa. Hata marehemu, namjua, angeniambia nenda wewe mwanamke, mimi siendi popote, utanikuta hapa hapa. Hilo ndilo linaloniuma nikiwa peke yangu: kwamba labda nilimpa kitu ambacho hakukitaka, na nikakitoa katika riziki ya mwanawe.

Saa sita nilisimama kwenye kompyuta za ukumbini pamoja na kila mtu. Ukurasa ulipofunguka kwangu, darasa la jioni lilikuwa limeshajaa.

Nikarudi kwa yule wa tai nikamwomba fomu ya malalamiko. Alinipa haraka, nadhani alifurahi kwamba safari hii nilitaka karatasi. Niliijaza pale pale, mtoto amelala mapajani mwangu. Niliiandika kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili nilikuwa nimeifikiri hivi:

"Mimi ni mjane wa mwanajeshi aliyefia kazini. Kanuni yenu inanipa nafasi ya kujisajili mapema, kisha inanitaka nifike dirishani katika zile siku ambazo dini yangu inaniweka nyumbani kumwombolezea mtu yule yule aliyeniletea nafasi hiyo. Nilimtuma shemeji yangu na hati zote. Barua yangu haikufunguliwa. Aliulizwa kama nimefungwa na polisi. Leo karani wenu ameniagiza nimlete mume wangu, na cheti cha kifo nilikuwa nimekiambatanisha. Nimepiga kelele na nimepiga kioo. Kwa kelele nawaomba radhi waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni. Kwa kioo siombi.

Nataka mjane aruhusiwe kumtuma mtu. Nataka muda wake uhesabiwe tangu siku anayoweza kutoka nyumbani, na karani asome karatasi kabla ya kufungua mdomo. Kiti cha anatomia sikidai. Kimeshachukuliwa, na aliyekichukua hana kosa. Nijibuni kwa maandishi, na jibu lenu lisianze na neno pole."