Shangazi Alivyompeleka Malkia Virginia

Watu wengi wakija Amerika hulalamikia baridi. Shangazi yangu Mwanamwema, aliyenifuata Lanham kutoka Mombasa mwaka wa themanini na mbili, alilalamikia kukosa mshindani.

"Kila mtu hapa akuchekea," aliniambia wiki ya kwanza. "Mwenye duka akuchekea, jirani akuchekea, hata polisi akuchekea. Hakuna hata mmoja wa kunitazama akasema, huyu bibi leo ntamwonyesha." Akasonya, akaongeza sauti ya televisheni.

Ili umwelewe, lazima ujue alikuwa nani alikotoka. Ujana wake aliumaliza kwenye vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake ya kushindana, na hivyo havikuwa vyama vya kunywa chai. Wenzenu wakitoa sare ya hariri nyekundu, nyinyi mnatoa ya dhahabu. Wakiunda meli ya mbao ikabebwa barabarani, nyinyi mnaunda ndege. Tena ngoma ikiiva hamchezi kwenu tu. Mnakwenda kwa zefe, maandamano ya ngoma na nyimbo, mpaka mlangoni kwa wenzenu, mnawaimbia vijembe mbele ya watoto wao, halafu mnarudi kwenu kusubiri. Na wao ni lazima walipe: waje kwenu na zefe kubwa zaidi. Asiyelipa haonyeshi uso sokoni. Shangazi ndiye aliyekuwa akishona sare na kutunga vijembe, na wapo watu Mombasa ambao hadi leo wakisikia jina lake hugeuza njia.

Sasa mtu huyo nimemkalisha kwenye kochi langu, anakonda. Mimi nilikuwa karani wa tiketi katika bustani ya michezo ya Oakwater, hapo hapo karibu na Lanham, nikamwombea kazi ya cherehani kwenye chumba cha mavazi. Siku hiyo ndipo alipogundua kwamba hata Wamarekani wana lelemama, ila wao wanaiita biashara.

Ng'ambo ya mto, upande wa Virginia, ukishapita Annandale, kulikuwa na bustani ya Starmount. Sisi tulikuwa na pembea nzuri, na kigari kinachoporomoka mpaka roho inabaki juu. Lakini wenzetu walikuwa na majitu. Filamu ya kwanza ya majitu ya mwezini ilipotoka, watoto walirukwa na akili, na Starmount wakakimbia kununua haki ya kuyatumia. Wakajenga mwezi. Ilipotoka filamu ya pili wakachimba na pango. Watu wetu wote wakavuka daraja, na sisi tukajibu kwa kununua filamu ya pweza mpelelezi, ambayo ilikaa sinema wiki moja ikafa kifo chake. Kiangazi kizima dereva wetu wa basi, Ndirangu, kijana wa Nyeri mrefu kama mlingoti, alizunguka bustanini amevaa mikono minane huku watoto wakimkimbia kwa vilio. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kwa uchungu kabisa, "Na sisi twakubali hivihivi?"

Ndipo mwaka wa themanini na tano ikatangazwa filamu ya tatu, yenye Malkia wa Majitu. Mkataba wa Starmount ulikuwa umekwisha, na kampuni ya filamu ikataka kuona nani anafaa. Kila bustani ilipewa mchoro mmoja wa penseli, imshone Malkia wake na kumwandalia gwaride. Wakubwa wa kampuni wangetembelea Starmount Jumamosi na Oakwater Jumapili, na atakayewapendeza atayachukua majitu yote. Bosi wetu, Dorothea, mama mmoja mwembamba asiyejua kuzunguka maneno, alituita akasema wazi: tukiyakosa majitu, chumba cha mavazi kinafungwa, zinabaki pembea tu.

Nilimtazama Shangazi nikaliona kochi langu linamsubiri. Yeye aliuliza swali moja tu.

"Huko kwa wenzetu, nani ashona?"

Dorothea akajibu kwamba ni mwanamke wa El Salvador, anaitwa Genoveva, na wanasema hana mfano.

"Genoveva," akarudia Shangazi polepole, kama mtu anayeonja halua ya mpishi mgeni. Uso wake ulichanua hata nikaona aibu, maana mimi nilikuwa nimemlea miaka mitatu kwa biriani na blanketi za umeme bila kumpata akichanua hivyo.

Tangu siku hiyo Genoveva akahamia kwetu. Tukinywa chai, Genoveva yupo. "Sasa hivi yuwalala huyo," Shangazi atasema, "na miye nashona." Au ataacha kula ghafla: "Ataweka mkia mrefu. Wallahi ataweka mkia mrefu!" Bafu langu lilijaa manyoya ya bandia yaliyotiwa rangi, na mimi nikaenda kuoga kwa jirani kama mkimbizi. Mchoro ulikuwa wa penseli, kwa hiyo rangi ilikuwa juu ya mshonaji, na rangi yake hakumwonyesha mtu, hata Dorothea. Sare haionekani mpaka siku yake. Kwenye kamba ya nguo nyuma ya chumba cha mavazi alianika manyoya ya kijani kibichi, ya bure kabisa, ili mpelelezi wa Starmount akipita ayaone akadanganye wenzake. Kama mpelelezi alipita sijui, ila Shangazi alikuwa akimwona kila siku, kila mara ana uso mwingine.

Ikaja Jumamosi ambayo wakubwa wa kampuni wako Starmount. Asubuhi ilinyesha, ikakatika, na Oakwater ilikuwa na bata wengi kuliko watu. Nikasikia basi linanguruma nyuma ya lango. Kwenda kuangalia, namkuta Shangazi amevaa buibui lake jipya, mkono mmoja mwavuli uliotiwa shada, mkono wa pili pembe ya vugo, ile ya nyati igongwayo harusini, na kijiti chake. Bendi ya bustani imo ndani ya basi na ngoma zake, wachezaji wamo, na kwenye usukani yumo Ndirangu, shingoni kuteremka chini ni Malkia wa Majitu.

Jamani, nguo ile! Manyoya meusi, na juu yake joho lenye nakshi za kisutu, ile leso ya maharusi, jekundu, jeupe na jeusi, utadhani bibi harusi aliyeolewa na sayari nzima. Nilisahau kwamba nimekuja kugomba.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwa Genoveva. Watu wa filamu wako kwake leo. Wamwone yeye peke yake, sisi tumelala?"

"Dorothea anajua?"

Watu wa basi wakatazamana. Mpiga tarumbeta alidhani mchezaji amemwambia, mchezaji alidhani Ndirangu amemwambia.

"Mimi nili-sign ku-drive bus," akasema Ndirangu, "siku-sign kuwa Queen. Haki ya Mungu, Auntie, leo tutatiwa ndani."

"Tukitiwa ndani twaimba humo humo. Piga moto, mwanangu."

Kuna watu wenye busara ambao wangekwenda kupiga simu. Mimi nilipanda basi. Nani angekubali kusimuliwa jambo kama lile?

Tukaingia barabara kuu, taji la Malkia limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria, mkia umebanwa na mlango unapepea nje. Malori yakatupigia honi. Juu ya daraja la Potomac gari moja lilitembea sambamba nasi, na mtoto aliyekuwa dirishani akamwona dereva wetu, akalipigapiga bega la baba yake. Ndirangu akampungia mkono wa makucha. Baba naye akaangalia, akakosa kutoka alikopaswa kutoka, akatufuata mpaka Starmount.

Tulishuka kwenye uwanja wao wa magari. Shangazi akagonga pembe, ko ko ko, bendi ikapokea, na Malkia akainuka na taji lake akawa mrefu kuliko basi. Tukaenda zefe mpaka lango kuu, na hapo Shangazi akatoa sauti ambayo sikujua kama bado anayo:

*Wenyewe mwajisifia, mna jitu la mwezini,*
*Malkia kawajia, mbona mwajificha ndani?*

Tukaitikia, nikapiga vigelegele mpaka koo likaniwasha. Hakuna aliyejua Kiswahili pale, na hakuna aliyekosa kuelewa kwamba anatukanwa. Watu waliokwisha kukata tiketi walitoka nje kutuona. Majitu ya Starmount yalisimama kwenye ua yametoa macho. Walinzi walikuja mbio, wakafika, wakabaki wanatikisa miguu kwa mdundo. Mabwana wawili wenye tai walikuwa wamepanda juu ya benchi. Na kwenye dirisha moja la juu alisimama mwanamke mfupi, pini mdomoni, anatutazama. Shangazi akamwelekezea mwavuli, akamrudishia ubeti ule mara ya pili, peke yake.

Mwanamke akafunga pazia.

"Ameona!" Shangazi akanibana mkono mpaka nikapiga yowe. "Salme, ameona!"

Jumapili wakubwa wa filamu hawakuja Oakwater. Ilikuja simu. Malkia hakutakiwa kuonekana nje ya bustani kabla ya filamu kufunguliwa, na picha yake ilikuwa tayari gazetini, anashuka basi. Kampuni ingetoa uamuzi Jumamosi inayofuata, na Dorothea hakuwa na shaka uamuzi huo ni upi.

"Mwana," akamwambia Shangazi, "unajua ulichofanya?"

"Nimewachezea mlangoni. Sasa watakuja kulipa."

"Watakuja kutushtaki!" Dorothea alikuwa karibu kulia. Akamwambia Jumamosi iwe siku yake ya mwisho, arudishe ufunguo.

Nilitegemea Shangazi aanguke. Wala. Jumatatu aliimba. Jumanne alitia pasi mtandio wa kupokelea wageni. Lakini Jumatano ikapita kimya, na Alhamisi, na nikaanza kumwona akisimama dirishani muda mrefu, anaitazama njia. Kazi haikumsumbua. Kilichomuuma ni kingine, na alikisema Ijumaa tukila.

"Huenda hakunielewa. Huenda aliona bibi kizee mwendawazimu tu, akafunga pazia lake akaendelea na kazi." Akasogeza sahani. "Basi ni hivyo. Huku hakuna mtu wangu."

Nilishikwa na huruma, na baada ya huruma hasira, na hasira yote nikamtupia Genoveva. Mwanamke gani huyu asiyejua adabu? Umechezewa mlangoni, umetungiwa shairi, umeelekezewa mwavuli, na bado unakaa kimya? Nilitafuta namba ya Starmount kwenye kitabu cha simu nimtukane mwenyewe, kwa Kiingereza. Shangazi akanipokonya kile kitabu.

Jumamosi tulifungasha. Mkasi, uzi, cherehani yake ya mkono aliyotoka nayo kwao, vyote kwenye sanduku moja. Ndirangu alilibeba mpaka kwenye gari langu, na Dorothea akatusindikiza hajui pa kuweka mikono. Shangazi alimpa ufunguo na kumshukuru vizuri, akamchekea kile kicheko cha dukani, na mimi nikajisikia vibaya kuliko kama angetukana.

Ndirangu ndiye aliyeanza kusikia. Aliliweka sanduku chini.

"Hizo ni nini? Trumpet?"

Zilikuwa tarumbeta. Zilitoka upande wa barabara kuu, na nyuma yake honi, nyingi, kama harusi kumi zimegongana. Likakunja kona basi la kwanza, la pili, la tatu, na nyuma yao magari ya watu wa Virginia yasiyo na mwisho, familia nzima nzima vichwa nje ya madirisha. Majitu yakamwagika kwenye uwanja wetu. Kisha akateremshwa Malkia wao juu ya miguu mirefu ya mbao, bluu na dhahabu, na mkia, ndiyo, mkia wake ulibebwa na majitu madogo sita na bado ulifagia lami. Mabwana wenye tai walikuwa ndani ya basi la mwisho, wamevaa pembe za karatasi. Baadaye Dorothea alituambia walishaamua njiani: majitu yachukuliwe na bustani zote mbili, na kila kiangazi zitembeleane hivi hivi. Lakini wakati ule hatukuwaona hata.

Mbele ya wote alikuwa Genoveva. Mfupi, mnene, kope nyekundu za mtu asiyelala wiki nzima, ameshika mwavuli wenye shada mara mbili ya lile letu. Alikuja moja kwa moja, akawapita walinzi, akampita Dorothea, akanipita mimi kama mlingoti wa taa. Alisimama mbele ya Shangazi, akamnyooshea mwavuli kifuani, akafungua mdomo, akamwimbia kwa Kihispania kwa sauti ya kupasua chungu.

Shangazi akamsikiliza mpaka ubeti wa mwisho, machozi yanamtiririka na mdomo unacheka, vyote pamoja.

"Tazama, Salme," akaniambia, ananivuta mkono kama mtoto. "Tazama alivyonikasirikia!"

Kisha akamgeukia Ndirangu, akampigia kelele aende kuvaa upesi, na akainama kutafuta pembe yake ndani ya sanduku.