Jua la Miezi Sita

Binti yangu alikuwa na miaka saba tulipofunga mkebe wa maziwa ya unga kwenye nguzo ya tangi, juu ya paa la ploti yetu, mtaa wa Section 58. Ilikuwa Juni. Ndani tulikunja karatasi ya zamani ya kuchapia picha, tuliyopewa na fundi picha aliyefunga studio, ili jua lijichore humo kila siku hadi Desemba. Tundu la kuingizia mwanga alilitoboa yeye, kwa sindano. Maelezo ya mtandaoni yalisema tuelekeze kusini. Upuzi. Huku kwetu jua hupita utosini. Tukaelekeza mashariki, upande wa Lanet.

"Na jua likikonyeza tukilipiga picha?" akaniuliza.

"Tutarudia."

"Miezi sita yote? Ai, Mum!"

Agosti homa ya mapafu ilimmaliza kwa siku nne. Watu wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Ningewajibu, hakuna ambaye angemaliza chai yake.

Desemba nilipanda peke yangu nikautoa mkebe. Mistari ya jua ilikuwa imebanana kwenye karatasi kama nyuzi. Nikatafuta mahali pa Agosti. Nilitaka pengo. Hakukuwa na pengo. Tulimzika, na jua likatoka tu. Nililitukana kwa sauti, majirani wakisikia.

Karatasi ile haisafishwi kwa dawa. Mwanga ukizidi kuipiga, inakuwa nyeusi yote. Nikaifunga ndani ya juala, mfuko mweusi usiopitisha mwanga, nikaificha kabatini, ili Jumatatu niipeleke saiba, kwenye kompyuta, ikaskaniwe. Sikumwambia mtu kwamba haitakiwi mwanga. Hilo ni kosa langu.

Jumapili nilitoka kazini jioni nikakuta mamangu, anayekaa nami tangu mazishi, ameitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni kando ya picha ya marehemu baba, mkabala na dirisha. Hata kitambaa alichofuma alikuwa ameizungushia.

"Mum! Umefanya nini?"

"Kazi ya mikono ya mjukuu wangu haiwezi kukaa ndani ya juala kama maganda ya viazi. Umemficha vya kutosha."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mamake. Akapanda stuli polepole, akaishusha, akakifuta kioo kwa leso, akaiinamisha huku na huku chini ya balbu. Karatasi ilikuwa nyeusi yote, haina mstari hata mmoja.

"Nilitaka watu wamwone," akasema.

Nilimpokonya ile fremu. Akabaki amenyoosha mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Nikamrudishia.