Ufunguo wa Akiba wa Bi Barafu

Kazi yangu ni kunyang'anya watu magari. Usinikunjie uso, ndugu yangu. Ni kazi halali, nina kitambulisho, na kwenye picha nimetabasamu. Mtu anakopeshwa gari, anaacha kulipa, mwenye mali ananituma nikalichukue. Mtaani wananiita Mwewe. Nikiingia uchochoro wowote watoto hukimbilia ndani wakipiga kelele, kama vile nabeba na vifaranga. Nimewahi kutukanwa na bibi aliyekuwa katikati ya sala. Alikatiza, akanitukana vizuri, kisha akaendelea na sala yake.

Kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi ndiye ninayefika kwenye matanga. Nimeona mengi. Nimekuta lori limefunikwa kwa mabua mpaka kuku wametagia juu yake. Kuna bwana alibomoa ukuta wa sebule, akaingiza teksi, akajenga upya, halafu akanikaribisha chai huku bampa linachungulia nyuma ya pazia. Mwingine alilala mbele ya magurudumu akaniambia nimkanyage kwanza. Kwa hiyo ninaposema sijapata kuona mtu kama Bi Barafu, elewa kwamba watu nimewaona.

Bosi wangu tunamwita Mzee Njuga. Anauza magari ya mizigo yaliyotumika, tena kwa mkopo, kwa watu ambao benki zimewafungia milango. Masharti yake ni magumu. Malipo ya awali ni makubwa, marejesho ni kila wiki, kadi ya gari inabaki kwenye kabati lake, na ufunguo wa akiba wa kila gari unaning'inia kiunoni mwake. Akitembea anasikika kabla hajaonekana, ndiyo maana ya hilo jina. Ukikosa marejesho mawili, Mwewe anaruka.

Siku Bi Barafu alipokuja yadi, nilikuwa nimekaa kwenye tairi nakula karanga. Akaingia mwanamke mfupi, mpana, gauni limelowa ubavu mmoja kama aliyebeba mtoto aliyekojoa. Hakuzungukazunguka wala hakupiga-piga tairi kwa mguu kama wanaume wanavyofanya kujifanya wanajua. Alinyoosha kidole kwenye pikapu nyeupe yenye sanduku la bati nyuma.

"Shikamoo Mzee. Nataka ile. Lakini kabla hujaliingiza jina langu kwenye kompyuta yako, nikwambie mwenyewe. Jina langu lina doa."

Mzee Njuga akaacha alichokuwa akifanya. Watu hawaanzi hivyo. Watu huanza na suti ya kuazima.

"Mimi na marehemu kaka yangu tulikopa benki tukanunua mashine ya kugandisha barafu," akaendelea. "Umeme ukawa unakatika kila saa, mashine ikaungua. Kaka akaugua, akafariki. Benki wakaichukua mashine, na deni likabaki. Nalilipa kidogo kidogo mpaka leo. Kila benki niliyoingia imenionyesha mlango. Sasa nanunua barafu kiwandani, naisambaza kwa mkokoteni, na jua linanila. Bila gari, nafunga biashara."

"Dhamana una nini, mama?"

"Barafu."

Mzee Njuga akacheka mpaka kiuno kikalia. "Mama, nikiikamata barafu yako, nikifika nayo hapa si nitakuwa nimekamata maji?"

"Ndiyo maana nataka gari," akajibu, wala hakucheka.

Mzee akanitazama. Akasema kesho Mwewe atakuja kuona hiyo biashara, halafu tutaongea. Nadhani alitaka tu kumwondoa kwa adabu.

Kesho yake nikaenda kiwandani. Nikamkuta anakata mibonge ya barafu kwa msumeno, anaizungushia pumba za mbao, anaifunga kwa magunia. Anayesukuma mkokoteni ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, pande la mtu linaloitwa Trekta. Tukaondoka. Jua lilikuwa kali la kukausha mate, na Trekta alisukuma kwa mbio huku Bi Barafu akikimbia kando, mkono mmoja juu ya magunia. Mimi na kitambi changu nilifuata nyuma nikihema, najuta kuzaliwa.

Tukafika bucha ya kwanza. Akafungua gunia, akatoa mizani, akapima barafu pale pale mlangoni. Muuza nyama akalipa uzito ule ule uliosomeka. Nikashangaa. Nawajua wauza barafu wengine. Wote hupima kiwandani, na kinachoyeyuka njiani ni bahati mbaya ya mnunuzi.

"Dada, mbona unapima huku?" nikamuuliza. "Huoni unakula hasara?"

"Maji yangu, barafu yake," akasema, huku anafunga gunia.

"Lakini jua si kosa lako!"

"Wala si kosa lake, kaka. Njia ni yangu mimi. Yeye kaagiza barafu, hajaagiza safari."

Tukaendelea, bucha kwa bucha, kwenye duka la vinywaji, kwa muuza juisi. Kila mlango mizani ilisoma pungufu zaidi. Mteja wa mwisho alikuwa mama muuza maziwa, huko mwisho kabisa wa mtaa, na tulipofika kwake kilichobaki kilikuwa na ukubwa wa mkate. Alikipima kile nacho. Nikageuka nyuma kufuta jasho, nikaona mstari wa maji barabarani, umetoka kule tulikotoka, unakauka taratibu. Pesa yake ile. Ilikuwa inapaa mbinguni kila siku, na yeye alikuwa anamsalimia muuza maziwa na kumwulizia hali ya wajukuu. Mwili ulinisisimka, tena juani, nikajiona mjinga kusisimka.

Nilirudi yadi nikamwambia Mzee Njuga, "Huyu mpe."

"He! Leo mwewe anamdhamini kifaranga?"

"Mpe, Mzee."

Akanipima kwa macho. "Haya. Lakini akishindwa, utakwenda kulichukua wewe mwenyewe, na ujira wa safari hiyo hupati ng'o."

Bi Barafu alileta malipo ya awali baada ya kuuza friji, kitanda cha mbao cha marehemu kaka yake, na hereni. Noti zilikuwa na unyevu, zimekunjwa kwenye kitambaa. Mzee Njuga akazianika juu ya boneti ya lori huku akilalamika kwamba sasa amekuwa dobi. Trekta, ambaye kumbe alikuwa na leseni iliyokuwa ikizeeka mfukoni, akakaa kwenye usukani, akaushika kwa mikono miwili kama anashika ungo wa mayai. Wakatoka getini polepole.

Kiangazi kile biashara ilichanua. Barafu ilifika ikiwa barafu. Akapata hoteli, akapata chumba cha dawa cha zahanati, akaajiri wasichana wa kukata. Marejesho yalikuja kila wiki, na mimi nikawa namtania Mzee Njuga kwamba anidhamini mimi sasa.

Halafu mvua zikaja, zikakataa kuondoka. Anga likawa zito, watu wakajifunika mashuka mchana, nani anunue barafu? Kila mtu alitaka chai. Bi Barafu akakosa rejesho moja. Wiki iliyofuata akakosa la pili.

"Mwewe," Mzee Njuga akaniita asubuhi. "Kifaranga chako."

Sikuweza kumaliza andazi langu. Nimefanya kazi hii muda mrefu, nimechukua gari la bwana harusi siku ya harusi, na sikuwahi kupoteza hamu ya kula. Nikatoka hivyo hivyo mvuani.

Kwake nikakuta mlango una kufuli. Gari hakuna. Kwenye matope kulikuwa na alama za magurudumu zinatoka nje, hazirudi. Mama muuza maziwa, kumbe ni jirani yake, akatoa kichwa dirishani.

"Katoka na gari mapema, yeye na Trekta. Hakusema anakwenda wapi."

Loo! Hasira iliyonipanda sijui niielezeje. Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikamtukana kwa sauti, muuza maziwa akafunga dirisha. Na yeye pia! Maji yangu barafu yake, kumbe danganya toto! Kafanya kama wenzake, kaficha. Nikapekua gereji zote za mtaa ule. Nikachungulia nyuma ya kiwanda cha mbao, nikaingia mashine ya kusaga, nikatoka mweupe wa unga, na mvua ikanigeuza uji. Nilichokuwa nalilia wala si ujira. Nilikuwa nalilia ule mstari wa maji barabarani, kwamba nao ulikuwa uongo.

Nikarudi yadi niko hoi, nikiwaza namna ya kumwambia Mzee kwamba kaniponyoka. Kuingia getini, pikapu nyeupe hiyo hapo, imeegeshwa mahali pale pale ilipouzwa. Imeoshwa mpaka ndani ya matairi. Trekta kasimama kando, kichwa chini, kama yuko makaburini. Bi Barafu amekaa kwenye ngazi, ufunguo uko mapajani.

"Kaka Mwewe! Umelowa hivyo, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakutafuta wewe!"

"Kunitafuta? Mbona mimi niko hapa?"

Mzee Njuga akatoka ofisini. Bi Barafu akasimama, akamwamkia, akamnyooshea ufunguo.

"Mzee, marejesho mawili yamenishinda. Tuliandikiana hivyo, na leo ndiyo leo. Gari lako hili. Tairi ya akiba ipo, jeki ipo, mafuta nimejaza."

Mzee hakuupokea. "Umejaza mafuta? Gari unalorudisha?"

"Nililichukua likiwa na mafuta."

"Na pesa zote ulizokwisha kunilipa? Malipo ya awali? Huzidai?"

Akatazama chini kidogo. Ndipo nikajua kwamba kitanda cha kaka yake kilikuwa kinampita akilini. Lakini sauti ilitoka sawa.

"Hizo zimeyeyuka njiani, Mzee. Za njiani ni zangu."

Wallahi, mimi niliyezoea kuvuta watu kutoka kwenye viti vyao, niliinamisha macho mbele ya yule mwanamke mfupi kana kwamba mimi ndiye mwenye deni. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nikagundua kuna sauti nyingine haipo. Mzee Njuga alikuwa ameshika rundo la funguo kiunoni kwa mkono mzima, lisilie.

"Jua likitoka, utauza?" akauliza.

"Jua likitoka, nauza mpaka watu wanikimbie."

"Basi lirudishe nyumbani." Akakohoa, akakunja uso, maana hakupenda tumwone. "Kuanzia leo utanilipa kwa jua. Mvua ikinyesha, sitaki kukuona. Jua likitoka, unalipa mara mbili. Na funga mdomo! Wakisikia wengine, kila mtu ataniletea habari za hali ya hewa."

"Uniandikie, Mzee," akasema Bi Barafu.

"Naandika! Mungu wangu, mtu anasamehewa bado anataka maandishi."

Akaandika. Trekta akalia bila aibu, kamasi na machozi, akapanda kwenye usukani. Mvua zilizobaki walibeba vitanda na makabati ya watu waliovujiwa na nyumba, na jua lilipotoka Bi Barafu alilipa mara mbili kama walivyoandikiana, kiangazi kile na kilichofuata.

Siku alipomaliza, Mzee Njuga alihangaika kuuchomoa ufunguo wake wa akiba kwenye pete. Pete ilikuwa imekaza. Wengi wa wateja wake hawafiki mwisho, na pete ile haikuwa na mazoea ya kufunguka. Akavunja ukucha, akalaani, akanipa.

"Mpelekee. Wewe ndiye uliyemdhamini."

Nikaenda. Nilisahau kitu kimoja tu: sura yangu. Kuingia mtaani, watoto hao, "Mwewe! Mwewe!" Mama muuza maziwa akatoka na upawa, akasimama mbele ya pikapu. Muuza nyama akaja na kisu. Bahati nzuri alikuwa kweli anakata nyama. Trekta akajitupa kifudifudi juu ya boneti, mikono ameitandaza. "Pita juu yangu!" akapiga kelele. Mtaa mzima ukatoka. Nimezoea watu kutetea magari yao wenyewe. Mtaa mzima kutetea gari la mtu mmoja, sijawahi kuona.

Bi Barafu akatoka ndani, ubavu umelowa.

"Kaka Mwewe, nimekosa nini? Si nimemaliza?"

Nikafungua kiganja. Ufunguo ukang'aa pale, muuza nyama akashusha kisu. Sikujua hata unamwekea mtu ufunguo mkononi namna gani. Maisha yangu yote nimekuwa upande wa pili. Yeye ndiye aliyeusogeza mkono wake chini ya wangu.

Hakusema asante. Akaenda nyuma ya gari, akakata kipande cha barafu, akakipima kwenye mizani mbele yangu, mimi ambaye hata sinunui, akanifungia kwenye gunia lenye pumba tele.

Nikatembea nacho kwa mbio mpaka nyumbani. Mke wangu akafungua gunia, akakuta barafu bado kubwa, akanikazia macho kama anavyofanya kila nikirudi na kitu cha watu.

"Hii nayo umemnyang'anya nani?"

"Nimepewa," nikamwambia.