Walionifinya Juu ya Betri

Nilizaliwa na tundu kwenye moyo. Walinishona nikiwa mtoto, lakini ukubwani moyo ukaanza kusahau kupiga, ndipo nikawekewa betri ya kuukumbusha, chini ya ngozi, karibu na bega, nyaya zikishuka hadi moyoni. Nilifua nguo za matajiri wa Spring Valley, jioni narudi kwetu Satellite kwa miguu yangu.

Betri ilipoisha wakanibadilishia. Baadaye mahali pale pakavimba, pakawa moto.

Nitawataja waliopashika. Yule wa duka la dawa hapa kwetu, tunamwita daktari na yeye anaitika. "Mama, hilo ni jipu tu." Vidonge vyake vilituliza uvimbe, nikimaliza unarudi, ananipa vingine.

Daktari wa kweli, mwenye kliniki ghorofani katikati ya jiji, huyo simsamehe kwa sababu alisoma. Nilimwambia kuna betri humo. "Najua, tulia," akadunga sindano anyonye usaha. Baadaye, hospitali kubwa, waliniambia pale hapadungwi kamwe, sindano yenyewe huingiza uchafu.

Halafu mchungaji wetu. Alipaka mafuta ya upako, akafinya uvimbe kwa kiganja. "Toka! Toka!" Kilichotoka ni usaha, akina mama wakapiga vigelegele.

Homa ikanitetemesha hadi nikabebwa kupelekwa hospitali kubwa. Daktari wa moyo, mama mmoja asiyezungusha maneno, akasema viini vimefuata nyaya mpaka ndani. Kila kitu kitolewe, na nyaya za zamani zimeshikana na moyo, kuzivuta kunaweza kuupasua.

"Na zikibaki?"

"Utakufa, mama."

"Zikitoka, moyo utapigishwa na nini?"

"Tutakushikilia na betri ya nje, damu isafike kwanza."

Nikakubali. Nini kingine? Zilitoka, moyo haukupasuka, na damu iliposafika nikawekewa betri nyingine upande wa kulia.

Jumapili niliyorudi kanisani mchungaji akanipa maikrofoni. "Dada, shuhudia Bwana alivyokutendea!"

"Bwana asifiwe. Bwana alinitendea mema. Wewe ulinifinya."

Mtu nyuma akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Mwenye betri akivimba," nikasema, "asifinywe, asidungwe, asipewe vidonge vya dukani. Arudi kwa waliomwekea, siku hiyo hiyo."

Mchungaji akapunga mkono, kwaya ikaanzisha wimbo wa kunizima. Niliwangoja wamalize ubeti, nikaanza upya.