Mwanamume Asiyevua Shati

Siku ya kwanza alipokaa nyuma ya usukani, aliogopa mkanda kuliko gari. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, fundi wa dari, anayetembea juu ya mbao nyembamba mchana kutwa bila kizunguzungu. Lakini mkanda ule ulipopita katikati ya kifua chake na kukaza, uliligawa shati pande mbili, na alichokuwa akikificha kikajitokeza kama kimeitwa. Akaingiza kidole gumba chini ya mkanda, akauvuta mbele, akaushikilia hivyo, mkono mmoja tu ukabaki kwenye usukani.

"Mkanda haung'ati, fundi," mwalimu wake akamwambia. "Uache. Mikono yote miwili huku."

"Unanibana, mwalimu."

"Unambana kila mtu. Ndiyo kazi yake."

Akauachia. Aliendesha amekunja mabega kama mtu aliyenyeshewa, na aliposhuka shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Kazini walimwita Koti. Jua liwake liwakavyo, yeye alikuwa ndani ya koti lake la kitambaa kigumu, vifungo mpaka shingoni. Wenzake walishachoka kumuuliza. Wengine walidhani ana homa isiyopona, wengine walisema ni maringo. Ukweli ni kwamba Koti alikuwa na matiti. Haukuwa unene, maana mikono yake ilikuwa myembamba na tumbo limebonyea. Ni matiti, mawili, madogo, laini, yaliyoota ujanani na yakakataa kuondoka.

Alipoanza kazi ya ujenzi, akiwa na miaka ishirini, mafundi walikuwa na desturi ya kuoga bombani jioni kabla ya kurudi makwao. Siku ya kwanza alivua shati bila kuwaza. Mtu mmoja aliyekuwa amejipaka sabuni usoni akafumbua jicho moja, akamtazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, huyu ananyonyesha." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hawakuwa watu wabaya. Kesho yake walishasahau. Koti hakusahau. Aliacha kazi ile, akatafuta nyingine, na tangu hapo alianza kujifunga bendeji pana ya mpira kuzunguka kifua, akiikaza mbele ya kioo mpaka awe bapa kama mlango.

Mwalimu wa udereva alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye sauti ya chini na subira ya ajabu. Mwanafunzi akizima gari katikati ya barabara na walio nyuma wakapiga honi, yeye alitazama kucha zake tu mpaka mtu apate akili zake. Koti akampenda kwa hilo. Yeye naye akampenda Koti, kwa sababu ambazo Koti hakuzijua na aliogopa kuuliza. Leseni ilipopatikana waliendelea kukutana, na hapo hofu ikapata makao ya kudumu, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu aliyetaka kumkaribia.

Alijifunza kukumbatia kwa ubavu. Akimwona mwalimu anakuja amefungua mikono, alimgeuzia bega na kumpigapiga mgongoni kama mtu anayempongeza mwenzake kwa kufaulu mtihani. Wakikaa kwenye kochi, alipakata mto. Akirudi chumbani kwake, katika nyumba ya dada yake, alisimama mbele ya kioo cha kabati, akajitazama kwa upande, na bendeji, bila bendeji, mikono juu, mikono chini, akijaribu kujiona kwa macho ya mwalimu. Kila mara macho hayo yalimcheka.

Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, aliziona bendeji zikianikwa nyuma ya mlango wa bafu. Aliwahi kuuliza.

"Mgongo," akajibiwa.

"Mgongo gani usiopona miaka yote hii?"

Dada akayaacha.

Jumapili moja alasiri mwalimu alimwalika kwake. Alikuwa na vyumba viwili ghorofa ya pili, feni ya mezani iliyokuwa ikitikisa kichwa kama inayokataa jambo, na pazia jepesi lililoacha mwanga wote uingie. Walikula, wakaongea, kisha maneno yakaisha na wakabusiana. Midomo haikumtisha Koti. Midomo ilikuwa mbali na kifua. Lakini mkono wa mwalimu ulitoka shingoni, ukashuka polepole mgongoni, ukasimama. Vidole vilikuwa vimekutana na ukingo wa bendeji, pale penye vibanio vya chuma.

"Hii ni nini?"

"Niliumia kazini."

"Pole. Hebu nione."

"Hapana."

Alilisema kwa sauti kubwa hata wote wawili wakashtuka. Akaokota viatu vyake, akatoka navyo mkononi, akaja kuvivalia kwenye ngazi, akashuka kamba hazijafungwa.

Kesho yake mwalimu alimpigia simu.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye. Una mke?"

"Sina."

"Basi ni mimi? Kuna kitu kwangu kinakukera?"

"Hapana, mwalimu. Hakuna."

"Kila nikikugusa unaruka kama nimekuunguza. Njoo Jumamosi mchana. Kama hunitaki, uniambie usoni. Nitalia kidogo, kisha nitaendelea na maisha."

Wiki ile Koti hakula akashiba. Kutokwenda kulimaanisha kumpoteza, na kwenda kulimaanisha kuonekana. Akili yake iliyojaa woga ikamtengenezea njia ya tatu: angejifunga bendeji mbili badala ya moja, azishone zisiwe na vibanio, avae fulana juu yake, na amwambie mwalimu kwamba ana ugonjwa wa ngozi usiotakiwa kupata mwanga. Ulikuwa uongo wa kitoto, naye alijua, lakini aliushikilia kwa sababu hakuwa na mwingine. Ijumaa akaamua kuufanyia majaribio kazini.

Walikuwa wakifunga dari katika ukumbi wa jengo jipya. Chini ya mabati, saa za mchana, hewa ilikuwa kama ya jiko. Koti alikuwa juu ya jukwaa, amelibeba bodi la jipsamu kwa kichwa na mkono mmoja, mkono mwingine ukikaza skrubu. Pumzi zikawa fupi. Akaona vidoa vyeusi vikielea mbele ya macho. Angeweza kushuka alegeze bendeji, lakini choo cha pale kilikuwa bado hakijawekewa mlango, na mafundi rangi walikuwa wakipita hapo kila dakika. Akajikaza. Akaweka skrubu nyingine. Kisha bodi likawa zito ghafla, miguu ikafa ganzi, na kilichofuata hakukijua.

Alipofumbua macho aliona mabati, kisha nyuso. Kabla hajajiuliza kama amevunjika mguu, mkono wake ulikwenda kifuani. Ukagusa ngozi.

Msimamizi wa kazi alikuwa amepiga magoti kando yake na kisu cha kukatia bodi, na koti, shati, fulana na bendeji zote zilikuwa zimepasuliwa toka juu mpaka chini, zimelala huku na huku kama maganda.

"Alikuwa hapumui," msimamizi alikuwa akiwaambia wengine. "Amejifunga kama mzigo wa posta."

Fundi rangi mmoja, mcheshi wa pale kazini, mtu ambaye alikuwa na utani kwa kila kilema na kila pua, alikuwa amesimama miguuni pa Koti, akitazama. Koti akangoja. Alijua utani utakuja, na alijaribu kukisia utakuwa upi. Fundi rangi akavua shati lake lenye madoa ya rangi, akamfunika nalo.

"Lala hivyohivyo," akasema. "Gari linakuja."

Nyuma yake mtu alinong'ona jambo, na mwingine akamwambia anyamaze. Koti hakupata kujua ni jambo gani, na kutojua huko kulimtesa kuliko kicheko cha bombani.

Hospitalini walimwambia ubavu mmoja umepata ufa. Daktari, mtu wa makamo mwenye macho ya usingizi, alibonyeza kifua pande zote mbili bila kubadilisha uso, huku Koti ametazama ukutani na kung'ata meno.

"Unayo tangu lini?"

"Tangu ujana."

"Yanauma? Yanatoa chochote?"

"Hapana."

"Tutapima damu tuhakikishe hakuna kingine. Wanaume wengi wanayo. Nao wamenyamaza kama wewe, ndiyo maana kila mmoja anadhani yuko peke yake. Ukitaka yaondolewe, upasuaji upo, uje tuongee. Ila bendeji basi. Leo umeanguka kutoka jukwaani. Kesho utaanguka kutoka ghorofani."

Dada yake alifika, na kwa kuwa simu ya Koti ilikuwa ikilia mfululizo, aliipokea. Hivyo ndivyo mwalimu alivyojua. Alipoingia wodini, Koti alivuta shuka mpaka kidevuni, na ubavu ukamchoma hata machozi yakamlengalenga. Dada akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, akawaacha.

"Ulijifunga ili nisione nini?" mwalimu akauliza.

Koti akafumba macho. "Nenda nyumbani."

"Unataka niende kweli?"

"Ndiyo."

Mwalimu akainama, akavipanga vizuri viatu vya Koti chini ya kitanda, akaondoka. Alikuwa ameombwa aende, naye alikwenda. Koti alizisikiliza hatua zake mpaka mwisho wa korido, na hofu nyingine, ambayo hakuwahi kuipa nafasi, ikamkaba: kwamba hatarudi.

Dada aliporudi alikitazama kiti kitupu.

"Umemfukuza."

"Nimemwambia aende."

"Mdogo wangu," dada akasema, akakaa, "nimekulea. Unadhani sikuwa najua? Nilijua tangu hata hujaanza kazi. Nilidhani nikinyamaza ndiyo nakusitiri. Kumbe nilikuacha peke yako na hicho kitu."

Koti akageukia ukutani. Alilia kidogokidogo, kwa sababu ya ubavu.

Majibu ya damu yalikuja mazuri. Maumivu yalipopungua kiasi cha kupanda ngazi, alikwenda kwa mwalimu, mchana, bila kupiga simu, kwa maana angepiga angejipa nafasi ya kughairi. Chini ya shati hakukuwa na kitu. Njiani kote alihisi kitambaa kikimgusa kila hatua, na kila aliyepishana naye alimwona kama anamkodolea macho. Mara mbili aligeuka kurudi.

Mwalimu alifungua mlango. Koti hakusalimia.

"Nikianza kuongea nitakimbia," akasema, na hapo hapo mlangoni akaanza kufungua vifungo. Cha kwanza kilimshinda.

"Ingia ndani kwanza," mwalimu akamwambia. "Jirani anatazama."

Akaingia. Mwanga ulikuwa mwingi mle ndani.

"Nifunge pazia?"

Alitaka kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. "Acha," akasema.

Akavua shati. Alisimama mikono imening'inia, macho ameyafumba, kama mtu anayengoja sindano. Hakusikia kicheko wala maneno. Feni iligeuka, ikampulizia, ikaenda, ikarudi.

"Sema kitu."

"Natazama."

"Unaona nini?"

"Naona ulivyochubuka. Bendeji imekukata huku kwapani. Na naona matiti. Sikuyategemea, sikufichi. Lakini nilikuwa nimejiandaa kwa mke na watoto watatu. Haya nayaweza."

Koti alitaka kucheka, ubavu ukamkatalia.

"Naweza kukugusa?"

Akaitikia kwa kichwa. Mwalimu aliweka kiganja kwanza kwenye alama za bendeji, akakiacha hapo. Kisha akakisogeza. Koti alitetemeka mwili mzima, meno yakagongana.

"Niondoe?"

"Usiondoe. Naogopa tu."

"Unaogopa nini sasa? Si nimeshaona."

"Naogopa kesho utakumbuka."

Mwalimu hakumbishia. Alimkalisha kitandani, wakalala ubavu kwa ubavu, na alasiri ile mambo yalikwenda polepole, kwa kusimama mara nyingi. Kila Koti alipokakamaa mwalimu alingoja, kama alivyongoja wanafunzi waliozima gari.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba hofu iliishia hapo. Haikuisha. Siku chache baadaye Koti alikwenda kumchukua mwalimu kazini. Katika ofisi ya chuo cha udereva walimu wengine watatu walikuwa wamezunguka meza, wakicheka mpaka machozi. Alipotokea mlangoni wakanyamaza wote kwa pamoja.

Amewaambia, akawaza. Mikono yake ikapanda yenyewe, ikajikunja kifuani.

"Karibu, fundi, kaa," mmoja akasema, akijipangusa macho. "Tunamcheka huyu mzee. Mwanafunzi wake amegonga lango na gari, halafu akamuuliza kama amefaulu."

Koti alichungulia dirishani. Lango kweli lilikuwa limepinda. Hata hivyo hakuamini mia kwa mia. Alikuwa karibu na mlango, na barabara ilikuwa nje hapo. Akavuta kiti, akakaa ukingoni mwake.

Mwalimu alitoka chumba cha ndani na funguo mkononi, akauona uso wake.

"Una nini?"

Alingoja mpaka walipokuwa nje. "Nilidhani mnanicheka mimi."

Mwalimu hakutabasamu. "Sijamwambia mtu. Sitamwambia mtu. Utaniuliza tena?"

"Pengine kesho."

"Uliza," akasema, akamrushia funguo za gari. "Endesha wewe, nimechoka."